Vuli katika soko la Kibuye, Kisumu: tunayoambiana na yalivyo

"Kwetu hakuna msimu. Soko ni lile lile Januari hadi Desemba."

Hili husemwa sana, na lina chembe ya ukweli. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, kwa hiyo hatuna baridi ya kuangusha majani ya miti. Wengine huyaita majira hayo ya Ulaya "vuli", lakini vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Basi ingia Kibuye Jumapili ya vuli, siku soko linapofurika kuliko siku nyingine zote. Wingi wa mahindi mabichi ya kuchoma uliokuwapo Julai umepungua, yamebaki makavu ndani ya magunia. Mvua ikishika vizuri, mafungu ya managu, mboga ya majani ambayo hapa wengi huiita osuga, yananenepa kwa bei ile ile. Saga, mrenda, kunde na mito vivyo hivyo. Mimi huujua mwezi kwa kikapu.

"Mboga yenye matundu haijapigwa dawa."

Matundu yanathibitisha jambo moja tu: mdudu alipita. Mara nyingi mkulima hupiga dawa baada ya kuyaona. Kinachomlinda mlaji ni siku zinazopita kati ya kupiga dawa na kuchuma, nazo huandikwa kwenye lebo ya dawa. Jani halikuonyeshi siku hizo. Mwulize muuzaji, akiwa anauza mboga ya shamba lake mwenyewe, atakujibu hata kabla hujamaliza swali. Kisha ukaoshe mboga yako.

"Gorogoro ni kilo mbili."

Gorogoro ni mkebe. Unapima ujazo, haupimi uzito. Wa mahindi makavu hukaribia kilo mbili, lakini wa omena, yaani dagaa, haufiki popote karibu na hapo. Tena iko mikebe iliyogongwa kitako kikabonyea ndani, ikameza konzi kadhaa za maharagwe bila mnunuzi kujua. Ndiyo maana mimi hutazama kitako kabla ya kuuliza bei, na watoto wangu husimama mbali wakijifanya hawanijui.

Ila wanaodhani raha ya soko ni kuangusha bei wanakosa sehemu tamu. Mimi bei huiacha, nikaomba nyongeza. "Mama, niongeze basi." Anachota maharagwe kwa mkono, anayarusha juu ya kilima ambacho tayari kimejaa, nusu yanamwagika kwenye gunia lake. "Kastoma, unataka nirudi nyumbani na mkebe mtupu?" Anasema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili ananiongeza.

"Kila kitu hapa kimetoka shamba la jirani."

La hasha. Ndizi nyingi ni za Kisii, viazi hushuka kutoka nyanda za juu za Nakuru kama Molo, na vitunguu vingi vimevuka mpaka kutoka Tanzania. Viazi vitamu angalau ni vya karibu kidogo, Kabondo kule Homa Bay. Usiviharakishe, vikikaa siku chache huzidi utamu, maana sehemu ya wanga wake hugeuka sukari.

"Avokado iliyoiva ni nyeusi."

Aina ya Hass, ndiyo. Ile ya Fuerte hubaki kijani hata ikilainika kama siagi, na watu huipita wakidhani ni mbichi. Wengine husubiri tunda lilainike mtini, jambo ambalo avokado haifanyi: hukomaa mtini, ikalainika baada ya kuchumwa. Wala usiyabonyeze matunda ya watu kwa kidole gumba, utayaachia michubuko. Muuzaji amekwisha kuyapanga kichwani mwake, na atakuuliza mwenyewe:

"Ya leo ama ya kesho kutwa?"

Mbili za leo, mama. Tatu za Jumanne.