Uvimbe wa kasinoidi uliosambaa na tiba ya mionzi: maswali na majibu

Je, kasinoidi iliyosambaa, yaani saratani ya seli zinazotengeneza homoni, hutibiwa kwa mionzi?

Ndiyo, ila mionzi si ya aina moja. Uvimbe ambao bado uko sehemu moja hukatwa kwa upasuaji. Ukishafika mifupani au kwenye ubongo, mionzi ya mashine hutuliza dalili. Kwa mfupa unaouma, gray 8 (gray ni kipimo cha mionzi) za mara moja mara nyingi hutosha. Maumivu yanaweza kuzidi siku chache za mwanzo, hivyo mgonjwa aondoke hospitali na dawa za maumivu mkononi.

Na ile inayopitia kwenye mshipa?

Hiyo ni lutishiamu 177, metali yenye mionzi, iliyounganishwa na dotateti, kiungo kinachonasa vipokezi vya somatostatini (sehemu ambako homoni hiyo ya mwili hushika) kwenye seli za uvimbe. Mionzi yake ya kuua seli hufika takriban milimita 2 tu. Marekani iliidhinisha Januari 2018 kwa uvimbe wa tumbo, utumbo na kongosho. Kwanza ifanyike picha ya PET, yaani skani ya mwili, ya kutafuta vipokezi hivyo. Uvimbe usipowaka kwenye picha, dawa haina pa kushika, na kuilipia ni hasara tupu.

Hutolewaje?

Kwa kawaida dozi 4 za gigabekereli 7.4 (kipimo cha nguvu ya dawa yenye mionzi), kila baada ya wiki 8. Oktreotaidi, dawa inayofanana na somatostatini, ile ya muda mrefu husimamishwa wiki 4 kabla, na ya muda mfupi saa 24, kwa kuwa hugombea vipokezi vilevile.

Dripu ya asidi amino, yaani laisini na arginini, huanza dakika 30 kabla ya lutishiamu na kuendelea angalau saa 3 baada yake. Kichefuchefu kingi cha siku hiyo husababishwa na dripu hii, na wengi huomba iondolewe. Isiondolewe, maana ndiyo inayokinga figo. Dawa ya kuzuia kutapika itangulie.

Hatari zake?

Chembe sahani (za kugandisha damu) na chembe nyeupe za damu hushuka. Damu hupimwa kabla ya kila dozi. Zikiwa chini, dozi huahirishwa au hupunguzwa. Homoni nazo zinaweza kumwagika ghafla: uso kuwaka moto, kuhara, kifua kubana, presha kuanguka. Hiyo ni dharura. Muuguzi aitwe papo hapo.

Nyumbani je?

Kunywa maji mengi, kojoa ukiwa umekaa, mwaga maji chooni mara mbili. Usilale na mtoto wala mjamzito kwa siku utakazoelekezwa. Anayenyonyesha aache.