2147483647: namba tasa iliyo pia ukomo wa kompyuta

Tuitamke kwanza: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Zizidishe 2 thelathini na moja zote pamoja, kisha toa 1, utaipata. Kwa kifupi huandikwa 2^31 − 1.

Hii ni namba tasa: hakuna kinachoigawa bila baki ila 1 na yenyewe. Namba tasa za umbo hili, yaani 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, huitwa namba tasa za Mersenne, kwa jina la mtawa Mfaransa aliyezichunguza karne ya 17. Si kila kipeo kinafaa. Kipeo kisipokuwa tasa, jibu nalo haliwi tasa: 2^6 − 1 ni 63, yaani 7 mara 9. Hata kipeo kikiwa tasa bado huna uhakika, kwani 2^11 − 1 ni 2047, ambayo ni 23 mara 89. Vinavyofaa vinaanza na 2, 3, 5, 7, 13, 17 na 19. Cha nane ndiyo 31.

Aliyethibitisha kwamba 31 kinafaa ni mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg, macho yake yakiwa karibu hayaoni kabisa. Kujua kama namba ni tasa, unajaribu vigawo mpaka kufikia kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46340 na ushei. Kwa mkono, hiyo ni kazi ya kuchosha mno. Euler akaonyesha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kwa hiyo namba za kujaribu zikapungua hata zisifike 400. Zote zikaacha baki. Kwangu mimi, uzuri wa hesabu uko hapo hasa: hakuongeza nguvu ya kugawa, alipunguza vya kugawa.

Sisi wa leo tunakutana nayo kwenye kompyuta. Namba kamili ikihifadhiwa kwa biti 32 (biti ni nafasi moja ya 0 au 1), biti moja hushika alama ya chanya au hasi, na 31 zilizobaki zote zikiwa 1, umefika 2147483647. Ongeza 1 tu, na mara nyingi mashine itasoma −2147483648. Mifumo mingi ya zamani hupima muda kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za Greenwich. Hesabu hiyo itafika ukomo tarehe 19 Januari 2038, na kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa unaweza kujiona uko 13 Desemba 1901. Ndiyo maana watu wanahamia biti 64.

Je, utasa wake una uhusiano na kompyuta? Hapana, zimekutana tu. Ukomo wa biti 16 ni 2^15 − 1, yaani 32767, na 7 inaigawa. Ukomo wa biti 64 ni 2^63 − 1, yaani 9223372036854775807, na 7 inaigawa pia, kwa sababu ileile: 15 na 63 zote zinagawanyika kwa 3, na 7 ndiyo 2^3 − 1; kipeo kikigawanyika kwa 3, jibu nalo hugawanyika kwa 7.