Farasi hatulizwi kwa kuchoshwa

Hii ni simu ya nne mwaka huu yenye maneno yale yale. Jamaa amenunua farasi jike wa miaka mitano aliyestaafu mbio za uwanja wa Ngong, Nairobi, na anataka watoto wampande Jumapili. "Mwalimu, ana mori sana. Nimeambiwa nimzungushe kwa kamba ndefu mpaka achoke ndipo nimtandike. Wiki tatu sasa, kila siku saa nzima. Mbona amezidi?"

Amezidi kwa sababu umemfanyisha mazoezi, ndugu yangu. Saa nzima ya mchakamchaka kila siku, hapa Nairobi kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, inampa pumzi, haimpunguzii. Siku ya kwanza alihema baada ya dakika 40. Leo dakika hizo 40 ni za kupasha mwili moto tu. Mwezi ujao utahitaji saa mbili, na mwezi unaofuata utanipigia tena.

Tena huyu si mnyama wa kuishiwa pumzi upesi. Farasi ana akiba kubwa ya chembe nyekundu za damu kwenye wengu. Akishtuka au akianza kukimbia, wengu hujikamua na kuimwaga akiba hiyo kwenye damu. Chembe nyekundu ambazo akiwa ametulia ni asilimia 40 hivi ya damu yake hupanda mpaka 60 na zaidi. Moyo unaopiga mara 30 hadi 40 kwa dakika akiwa bandani unaweza kupita 220 akiwa kwenye shoti, yaani mbio kali. Ukiamua kushindana naye kwa pumzi, wewe uliyeshika kamba ndiye utakayeomba poo.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kile anachojifunza wakati huo. Kila duara analolizunguka kichwa kikiwa juu, mgongo umekakamaa, macho yanatafuta pa kutokea, anafanya mazoezi ya kuogopa. Farasi ni mnyama wa kuwindwa: hukimbia kwanza, hutazama baadaye. Ukimkimbiza unamthibitishia kwamba kweli palikuwa na kitu cha kukimbiwa. Mwishowe miguu inagoma, anasimama, na sisi tunasema ametulia. Kesho ameshapumzika na hofu iko palepale.

Sisemi kamba ndefu itupwe. Naitumia mwenyewe, dakika 10, kwenye duara pana la mita 20 hivi, nikibadilisha upande mara kwa mara. Duara dogo huumiza viungo vya miguu, na farasi wa mbio huanza kazi angali mdogo, wengi wakiwa na miaka miwili, kabla mifupa haijakomaa. Kwa kamba hiyo namtazama tu: anakanyagaje, anapumuaje, sikio lake liko wapi.

Mafunzo yenyewe ya ardhini, kabla hujaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, ni machache. Arudi hatua moja nyuma. Miguu ya nyuma isogee kando. Kichwa kishuke kwenye usawa wa mabega. Asimame akiambiwa, na aendelee kusimama. Saisi yeyote, yaani mtunza farasi, mwenye makini atayashika kwa asubuhi moja. Ugumu wote uko kwenye kulegeza, na hapo nisameheni nikae kidogo.

Watu wengi wanaamini farasi hufundishwa kwa kuvutwa. Anafundishwa pale mkono unapoacha kuvuta. Simama mbele yake kidogo, kwa pembeni, shika kamba karibu na hatamu, uipe uzito mdogo kuelekea kifuani mwake. Kisha ngoja. Atapinga, atatikisa kichwa, ataegemea mbele. Usiongeze kwa hasira, usipunguze kwa huruma. Kuna wakati atahamisha uzito wake kurudi nyuma kabla hata kwato haijanyanyuka. Utauona kwenye misuli ya kifua. Legeza hapo hapo! Usingoje hatua ikamilike, usingoje umalize kumwambia "vizuri." Ukichelewa sekunde mbili ameshaanza jambo jingine, na jambo hilo jingine ndilo ulilomlipia.

Nimeona watu wakimfundisha farasi kurusha kichwa kwa miezi mizima bila kujua. Kila akikirusha, mkono wao unachoka na kuachia. Farasi anajifunza sawasawa kabisa kile alichofundishwa, kisha anaitwa mkaidi.

Kwa farasi aliyetoka kwenye mbio jambo hili lina mwiba wa ziada. Kule amezoea kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni: vigwe, yaani kamba anazoshika mpandaji, vikikaza, kwake maana yake ni kwamba kazi imeanza. Sasa mwenye farasi akiogopa, anavuta. Farasi anasikia amri aliyoizoea, anaitii, anaongeza mwendo, na aliye juu anavuta zaidi. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Vilevile amezoea joki kunyanyuliwa hadi mgongoni huku yeye anatembea. Huenda hajawahi kuombwa asimame wakati wa kupandwa. Amezoea mtu kushoto kwake. Ukimjia kwa kulia na tandiko, wewe ni mgeni, hata kama ulimlisha asubuhi. Kwa hiyo kila somo nalitoa mara mbili, kushoto na kulia, kama kwamba nina farasi wawili.

Na lile neno "lazima ajue bwana ni nani" naomba lipumzike. Farasi hataki cheo chako. Anataka kujua kama ukikaza utalegeza, na kama leo ni sawa na jana.

Kuna jambo nililolifundisha kwa miaka ambalo siliamini tena. Farasi akilamba midomo na kutafuna mdomo mtupu, tulikuwa tunasema amesalimu amri. Lakini nawaona wakifanya hivyo baada ya daktari kuondoka, baada ya lori kupita kwa kelele, wakiwa malishoni bila mtu. Ninavyoelewa sasa, huo ni mwili unaotoka kwenye wasiwasi na kuingia kwenye nafuu. Basi akilamba mbele yangu najiuliza kwanza kama wasiwasi huo nilimtia mimi.

Lipo jingine linalonisumbua zaidi. Niliwahi kuletewa dume aliyehasiwa, wa rangi ya kahawia, aliyesifika kwa mateke. Siku ya tatu alikuwa kimya kabisa. Hakupinga kamba, masikio hayakucheza, nikamsifu mbele ya mwenye farasi. Siku ya kumi aliacha nyasi zake nusu, na daktari wa mifugo akamkuta na vidonda vya tumbo. Maradhi hayo ni ya kawaida sana kwa farasi wa mbio: nafaka nyingi, nyasi kidogo, na tumbo linalotoa asidi usiku na mchana hata likiwa tupu. Yule hakuwa ametulia. Alikuwa na maumivu na alishaacha kusema. Alipotibiwa na kuwekewa nyasi muda wote, usumbufu wake ulirudi, nami nilifurahi kuuona. Mpaka leo kumtofautisha farasi aliyetulia na farasi aliyekata tamaa hunipa shida. Natazama kama sikio linanifuata, kama anageuza shingo kuniangalia, kama bado anathubutu kukataa. Na bado hukosea.

Ndiyo maana sianzi somo lolote kabla ya kukaguliwa tumbo, meno, mgongo na tandiko lenyewe. Shayiri ipunguzwe, maana hakimbii tena. Ashinde nje malishoni na mwenzake badala ya kufungiwa peke yake. Wengine hupoa nusu nzima kwa hayo tu, kabla sijagusa kamba.

Kaka uliyenipigia, mpumzishe wiki hii. Mpe nyasi, mtoe nje, na daktari ampitie. Jumamosi mlete mapema kabla jua halijawa kali, na uje wewe mwenyewe, kwa sababu mkono utakaofundishwa kulegeza ni wako. Kamba ndefu iache nyumbani.