Jangwani kuna wenyewe: kukodi rubani wa droni Falme za Kiarabu

Wiki hii tena nimeletewa ile sauti ya WhatsApp. Prodyuza wa video za muziki, yuko Dar, anakuja Dubai na msanii wake. Tiketi zimekatwa, nguo zimeshonwa, na anataka ile picha ya msanii kasimama kileleni mwa tuta la mchanga huku kamera ikirudi nyuma angani mpaka mtu abaki nukta. Nikamuuliza habari za vibali vya droni. Akacheka. "Kaka, si jangwani huko? Nani yupo wa kutukamata?"

Nimechoka kulijibu swali hili moja moja kwenye simu. Naliandika hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwanza huo utupu wenyewe. Chukua Margham, upande wa barabara ya Hatta, mchanga mwekundu unaoujua kwenye matangazo ya utalii. Alfajiri, msimu wa baridi, maputo ya watalii yanapaa maeneo hayo. Jua likishatoka, kuna ndege zinazopandisha watu juu na kuwamwaga na miamvuli. Ardhini kuna visima vya gesi, na jirani kuna hifadhi ya jangwa ya Dubai ambako choroa wa Arabuni wanalindwa na hawataki kelele zako. Rudi kuelekea mjini ukutane na Al Minhad, kambi ya jeshi la anga. Ukikimbilia kusini kabisa, Liwa, kwenye ukingo wa Rub' al Khali, lile jangwa kuu la Arabuni, unakuta mafuta, gesi na mpaka wa Saudia. Hapo "hapana watu" ni kwa macho ya aliyekuja jana.

Halafu kuna historia, ambayo wageni wengi hawaijui na wenyeji hawaisahau. Tarehe 17 Januari 2022 Wahouthi wa Yemen waliishambulia Abu Dhabi kwa droni na makombora. Watu watatu walikufa malori ya mafuta yalipolipuka kule Musaffah. Siku tano baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ikapiga marufuku droni za burudani nchi nzima. Wenye kazi za kupiga picha kwa mkataba ndio walioachiwa upenyo, nao kwa kibali. Marufuku ilianza kulegezwa Januari 2025, kwa hatua, kupitia jukwaa moja la taifa la usajili. Kwa hiyo kitu kinachovuma angani saa kumi na mbili asubuhi, wewe unakiona kamera. Askari wa huku hakioni hivyo.

Atatokea mwingine: "Yangu ni gramu 249 tu." Hongera. Hesabu hiyo, ya kulegezewa masharti ukiwa chini ya gramu 250, ni ya Ulaya na Marekani, na hata Marekani, ukishairusha kwa kazi ya kulipwa ni lazima uisajili. Mtengenezaji aliibandika namba hiyo kwenye boksi ili auze, nasi tukaigeuza kuwa sheria ya dunia. Lakini nikueleze ukweli wangu: kwa upande wa usalama, sioni kwa nini kidroni cha namna hiyo juu ya mchanga mtupu kipitie makaratasi yale yale ya Inspire, droni kubwa ya sinema yenye kilo nne. Ningeulizwa ningewawekea njia fupi. Sijaulizwa.

Sasa kinachoniudhi hasa. Mteja akishakubali kwamba anahitaji mtu wa hapa, anaandika kwenye kundi: "Natafuta mwenye leseni." Wanajitokeza kumi. Mmoja anatuma picha ya kadi yake, bei yake ni ya chini, biashara imeisha.

Kadi ile ni ya mtu. Inasema fulani amefunzwa na amefaulu. Haisemi kampuni anayofanyia kazi imeidhinishwa kurusha kibiashara. Haisemi droni aliyoibeba imesajiliwa kwa jina la nani. Na zaidi ya yote, haisemi kwamba Jumanne ijayo, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, anga ya juu ya tuta lile ni yenu. Hayo ni mambo manne tofauti, yanatoka kwenye meza tofauti, na lolote likikosekana matatu yaliyobaki hayakusaidii. Kuwa na leseni ya udereva hakukupi ruhusa ya kupakia abiria kwenye gari la jirani lisilo na bima. Mtu wa Mombasa au Mwanza hili halimsumbui kulielewa akiwa kituo cha matatu au daladala, ila akipanda ndege kuja huku analisahau. Na Wakenya ndio wananishangaza zaidi, kwa sababu kanuni zao za 2020 zinatenganisha vizuri kabisa leseni ya rubani na cheti cha mwendeshaji. Wenye kadi ya KCAA au TCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, wananitumia nakala kana kwamba ni pasipoti. Ni kadi nzuri, umeitolea jasho. Huku haipaishi kitu.

Hata kwenye karatasi halali kuna mahali pa kutazama. Bima na usajili vinataja mashine kwa namba yake, ile iliyobandikwa kwenye mwili wa droni, mara nyingi kwenye nafasi ya betri, kwa herufi ndogo kama za kwenye dawa. Toa betri, washa tochi ya simu, soma namba, linganisha na karatasi. Niliwahi kuwa kwenye lokesheni ambako kampuni moja ilikuja na vibali vyote safi, droni yao ikagoma kuwaka, wakatoa ya akiba kwenye buti la gari. Ya akiba haikuwa kwenye karatasi yoyote. Dairekta hakuelewa kwa nini mimi nakataa wakati "kampuni ni ile ile, rubani ni yule yule". Tulibishana mpaka mwanga ule wa dhahabu ukaisha. Siku hizi naomba namba za droni zote mbili ziingizwe tangu maombi ya kwanza, na anayeniambia hana ya pili simchukui.

Ardhi nayo ina mipaka isiyoonekana. Hizi ni falme saba. GCAA ni mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa anga. Dubai wana mamlaka yao pia, DCAA, na sheria yao ya droni ya 2020. Vibali vya kupiga filamu Dubai vinashughulikiwa na tume ya filamu ya Dubai, Abu Dhabi wana tume yao. Sasa lile tuta kubwa la Al Badayer, ambalo kila mtu analiita la Dubai kwa sababu barabara imetokea Dubai, liko Sharjah. Kile kijiji cha Al Madam kilichofukiwa na mchanga, chenye vyumba vilivyojaa mchanga hadi madirishani, ambacho wasanii wetu wanakililia, nacho ni Sharjah. Mtu ana kibali cha Dubai mkononi, ameendesha saa moja bila kuona bango lolote la maana, na karatasi yake imeshageuka ya kufungia maandazi. Kwa hiyo usiniambie "jangwani". Nitumie alama kwenye ramani. Kampuni ya kigeni kawaida hupitia kampuni ya hapa yenye leseni ya uzalishaji, nayo ndiyo inayoomba. Wiki mbili ndizo ninazomwambia mteja, na akiwa na picha za pasipoti za kila atakayekuwepo mambo yanakwenda vizuri zaidi. Habari ya kuwapiga watu picha bila ridhaa sitaki hata kuianza. Ipo sheria ya shirikisho namba 34 ya 2021, ya uvumi na makosa ya mtandao, isome kabla hujazipitia kambi za watu na ngamia wao.

Niseme na lile ambalo kwenye kozi hulipita haraka. Kikomo cha kawaida ni mita 120 juu ya ardhi. Ardhi ipi? Kioo cha rimoti kinahesabu kutoka pale ulipopaishia. Kwenye uwanja tambarare, sawa. Nenda Tal Moreeb kule Liwa, tuta linalotajwa kuwa na karibu mita 300. Ukipaisha ukiwa chini, kioo kinakuambia umefika 120 na bado kilele kiko mbali juu yako. Ukipaisha kutoka kileleni na kutoka nje ya mteremko, kioo kinasoma sifuri huku chini ya droni pana shimo la kuangusha ghorofa. Ramani ya miinuko haikusaidii sana kwa matuta madogo, maana mchanga unahama na upepo. Mimi nakadiria, na nabaki chini sana ya kikomo kinachoruhusiwa. Atakayekuambia anaijua mita kamili juu ya tuta linalohama, mtazame vizuri.

Vivyo hivyo ile kanuni ya kuiona droni kwa macho yako muda wote. Droni ya kijivu, mita 500, anga lenye vumbi jeupe. Nasema naiona. Nadhani mara nyingi naona mahali ninapojua ipo. Ndiyo maana namweka mtu wa pili wa kuangalia anga tu, bila simu mkononi, na mteja anaponiambia tumkate huyo kupunguza gharama namwambia tukate droni kwanza.

Vifaa, kwa haraka. Droni nyingi za kamera mtengenezaji wake anaishia nyuzi 40. Julai huku mara nyingi zinapitwa kabla ya adhuhuri. Betri zikae kwenye kuli boksi kavu, zisigusane na barafu. Usipaishe kutoka mchangani, tandika turubai au mkeka mgumu. Mchanga huu una chembechembe zenye madini ya chuma zinazonaswa na sumaku za mota: zungusha propela kwa kidole baada ya kazi, ukisikia kikwaruzo, hiyo mota haipai tena siku hiyo. Kitabu kinakataza kuidaka droni kwa mkono. Mimi naidaka, na glavu nene, kwa sababu vumbi la kutua ndilo linaloniulia gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera.

Kuhusu hela: bei yangu ina rubani, mwangalizi, bima na kazi ya maombi, na maombi yanalipwa hata yakikataliwa, kwa kuwa anayeyajaza anakula. Shamal, ule upepo wa vumbi wa huku, ikivuma hatupaishi, na siku hiyo unalipa nusu. Hilo linaandikwa kwenye mkataba pamoja na tarehe ya akiba, na tarehe ya akiba iingie kwenye kibali pia, la sivyo upepo ukitulia kesho yake tutakuwa tumekaa kwenye gari tunautazama mchanga uliotulia na karatasi ya jana.