Je, wajua sekunde sita za mwaka wa 1969 zilizozaa maelfu ya ngoma, hip hop ikiwemo?

Ukipanda mathree ya Rongai na dereva awe mtu wa old school, kuna siku utapigiwa Straight Outta Compton ya N.W.A, kundi la rap la Marekani, na zile drams zinachapana huko nyuma wasee wengi hudhani ni Dr. Dre, prodyuza wao, na mashine zake tu. Zii. Hizo ni za jamaa anaitwa Gregory Coleman, mpiga drams wa bendi ya The Winstons ya Washington, na alizipiga 1969, karibu miaka ishirini kabla ya N.W.A kutoa hiyo ngoma 1988.

Wimbo wenyewe unaitwa Amen, Brother na ulikuwa wa kujaza nafasi. Ngoma yao ya maana ilikuwa Color Him Father, ile iliwaletea Grammy, sasa santuri lazima iwe na upande wa pili, so wakapiga kitu ya haraka bila maneno. Ikifika kama 1:26 bendi yote inanyamaza, Coleman anabaki peke yake baa nne, baa moja ikiwa mapigo manne. Mbili za kwanza zinafanana, ya tatu sneya, ile dram ya mlio mkali, inachelewa kidogo, ya nne anaruka pigo la kwanza kabisa halafu kreshi, lile sahani la chuma, inalia mahali hukuitarajia. Sekunde sita hivi, basi, bendi inarudi.

Sasa mbona watu wa hip hop wakakata hapo pekee, wakairudia kwa ngoma zao, na wakaacha wimbo wote? Rudi Bronx, mtaa wa New York, 1973. DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaica, aliona watu kwa party wanangoja ile sehemu ya drams tupu ndio wajimwage, akaanza kutumia santuri mbili za wimbo mmoja, hii ikiisha anaingiza ile, sekunde chache zinaenda dakika kadhaa. Muimbaji hapo ni kelele tu, ndio maana madijei walikuwa wanachimbua upande B na vitu redio hazikugusa. Na walikuwa wanafichana vibaya sana, Herc alikuwa analoweka santuri kwa maji abandue lebo ili mwenzake asijue ni wimbo gani.

Halafu 1986 hizo siri zikaanza kuuzwa waziwazi, mfululizo wa santuri unaitwa Ultimate Breaks and Beats, na Amen, Brother ilikuwa kwa ile ya kwanza. 1987 ikaja SP-1200, mashine ya kunasa vipande vya sauti na kuvipanga viwe biti, yenye memori ya kama sekunde kumi tu kwa biti nzima! So maprodyuza walicheza santuri kwa spidi ya juu wakiirekodi ndio itoshe, kisha wanairudisha chini ndani ya mashine. Ule mkwaruzo na uzito watu husifu kwa hip hop ya zamani mwingine ulitoka hapo, kwa kubana memori.

Na pesa je? Coleman hakuona hata ndururu. Rekodi huwa na haki mbili, ya aliyetunga wimbo na ya mwenye masta, yaani ile rekodi yenyewe, na mpiga drams kwa kawaida hayuko kwa yoyote kati ya hizo, hata kama ni yeye watu wanamfuata. Aliaga 2006 akiwa hana makao. Kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuja kujua kipande chao kinatumika miaka ya tisini, muda wa kushtaki umeshapita, na 2015 mashabiki wakamchangia pauni 24,000, harambee kabisa. Clyde Stubblefield, yule wa Funky Drummer ya James Brown, yake ni hiyo hiyo, ukiskia Fight the Power ya Public Enemy drams zake zimo, lakini kwa karatasi za utunzi hayupo.

Kilichobadilisha mambo ni kesi ya 1991, rapa Biz Markie alipochukua kipande cha wimbo wa mwimbaji Gilbert O'Sullivan bila ruhusa, na jaji wa New York akafungua uamuzi wake na amri ya Biblia, usiibe. Kuanzia hapo kila kipande kikawa na bei, ukitaka rekodi yenyewe unalipa pande zote mbili. Ukiita wanamuziki waipige upya studio unabaki na deni la mtunzi pekee, na ndio maana kwa The Chronic, albamu ya Dr. Dre ya 1992, besi na gita nyingi ni watu waliitwa wakakaa chini wakapiga.