Tiba jeshini: yasemwayo mtaani na yalivyo

Dhana: Lugalo ni ya wanajeshi peke yao.
Ukweli: Hospitali Kuu ya Jeshi pale Lugalo, Dar es Salaam, hutibu raia pia. Getini utamkuta askari, lakini kwenye foleni mke wa sajenti hukaa na mama aliyetoka Kawe.

Dhana: Kazi ya daktari wa jeshi ni kutoa risasi.
Ukweli: Filamu ndizo zimetuharibu hapa. Adui mkubwa wa jeshi lolote kwa karne nyingi amekuwa maradhi. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa Afrika Mashariki, wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi: waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia na njaa. (Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi zilipata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps.) Ndiyo maana tabibu wa kikosi leo anashughulikia mambo yasiyo na sifa yoyote: choo kichimbwe mbali na maji, jiko likaguliwe, kuruta apimwe kabla ya kuapishwa, chanjo zikamilike kabla ya safari. Na ndiye anayeamua nani apewe ED, yaani ruhusa ya kupumzika kwa ugonjwa, na nani anategea tu mchakamchaka.

Dhana: Askari akijeruhiwa hukimbizwa moja kwa moja hospitali kubwa.
Ukweli: Angefia njiani. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa hupangiwa hivi: huduma ya kwanza ndani ya dakika 10, mara nyingi kutoka kwa mwenzake aliye jirani, huduma ya juu ya dharura ndani ya saa 1, upasuaji wa kuokoa maisha ndani ya saa 2. Zahanati ya kikosi ni ngazi ya kwanza, upasuaji huanzia ngazi ya pili, madaktari bingwa wapo ngazi ya tatu. Kwenye misitu ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, walikopelekwa askari wa Tanzania mwaka 2013, mpango huo hutegemea helikopta, na helikopta hutegemea mawingu.

Dhana: Tabibu akibeba bastola amevunja Mikataba ya Geneva.
Ukweli: Mkataba wa 1949 unamruhusu silaha ya kujilinda yeye na wagonjwa wake. Unachokataza ni kubagua majeruhi. Koplo wetu aliyekatika kidole atasubiri, adui anayevuja damu tumboni atangulie mezani.