Je, wajua? Waziri kiongozi alishinda mkoa mzima, jimboni kwake akaangushwa

Usiku wa tarehe 14 Mei 2013, Christy Clark wa British Columbia, mkoa wa magharibi kabisa mwa Kanada, alikuwa na sababu ya kucheka na sababu ya kununa kwa pamoja. Tafiti za maoni ya wapiga kura zilikuwa zimeshamzika. Magazeti yalimhesabu mpinzani wake, Adrian Dix wa chama cha NDP, kuwa ndiye mkuu wa serikali ajaye. Masanduku yakafunguliwa, chama cha Clark, BC Liberal, kikavuna viti 49 kati ya 85. NDP ikabaki na 34.

Lakini jina la Clark mwenyewe lilikuwa limechapwa kwenye karatasi za kura za jimbo moja tu, Vancouver-Point Grey, na huko aliangushwa. Aliyembwaga ni mwanasheria wa NDP aitwaye David Eby. Karibu wiki mbili baadaye zikamaliziwa kuhesabiwa kura za waliopiga wakiwa nje ya vituo vyao, na pengo likapanuka badala ya kuziba: likavuka kura 1,000.

Inakuwaje watu wa mkoa mzima wakukabidhi serikali, halafu majirani zako wakunyime hata kiti cha kukalia bungeni?

Kabla ya kujibu, tuwekane sawa kwenye maneno. Vipande vikubwa vya Kanada, kama British Columbia, Ontario na Quebec, wengi tumezoea kuviita majimbo. Hapa nitaviita mikoa, ili neno jimbo libaki na maana yake ya msimu wa uchaguzi: eneo linalopeleka mbunge. Kila mkoa una bunge lake na serikali yake. Mkuu wa serikali ya mkoa nitamwita waziri kiongozi, cheo walichokuwa nacho Wazanzibari hadi 2010, tusije tukamchanganya na Waziri Mkuu wa nchi nzima aliyeko Ottawa.

Sasa jibu la haraka. Hakuna mpiga kura hata mmoja British Columbia anayempigia kura waziri kiongozi. Kila mtu anampigia mbunge wa jimbo lake, mwenye kura nyingi anachukua, basi. Chama chenye wabunge wa kutosha ndicho kinachounda serikali, na kiongozi wa chama hicho ndiye anayeapishwa. Kwa hiyo Clark aliingia kwenye mashindano mawili usiku mmoja: la viti vya mkoa mzima, na la kiti chake. Akashinda la kwanza, akapoteza la pili, wala sheria haikuona kasoro yoyote.

Jibu hilo ni sahihi, lakini halielezi kwa nini ajali imkute pale. Kwa hilo inabidi tulijue jimbo lenyewe, na ndipo hadithi inaponoga.

Point Grey ni rasi upande wa magharibi wa jiji la Vancouver, maji karibu pande zote. Nahodha George Vancouver aliipa jina hilo mwaka 1792 kwa heshima ya rafiki yake wa jeshi la majini. Hadi mwisho wa 1928 ilikuwa na halmashauri yake. Ndipo ikaunganishwa na jiji. Mwaka 1933 likazaliwa jimbo la uchaguzi lenye jina hilo, na halikuwa la mbunge mmoja. Lilipeleka wabunge watatu kwa mpigo, kuanzia 1966 wawili, na kuanzia 1991 mmoja kama tunavyofahamu wengi.

Ukitaka kuwaelewa watu wa huko, anza na Tilly Rolston. Alikuwa mbunge wa Point Grey tangu 1941 kwa tiketi ya wahafidhina, kisha akahamia Social Credit, chama kilichokuwa kikichekwa kuwa cha watu wa mashambani. Mwaka 1952 vyama vikongwe viwili vilivyotawala kwa ubia, Liberal na Conservative, vilibuni mtego: badala ya kuweka alama moja, mpiga kura aandike namba, 1 kwa anayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Hesabu yao ilikuwa kwamba wapiga kura wao watapeana namba 2, na chama cha kisoshalisti cha CCF, mzazi wa NDP ya leo, kibaki nje. Mtego ukanasa waliouweka. Watu wengi walimpa namba 2 asiyetarajiwa, Social Credit ikatoka na viti 19, CCF 18, na vyama vile vya ubia vikabaki na viti 10 tu kwa jumla. Rolston akashinda Point Grey na kuwa Waziri wa Elimu, mwanamke wa kwanza Kanada kukabidhiwa wizara kamili.

Mwaka uliofuata serikali hiyo ya viti vya kuokoteza ikarudi kwa wananchi kuomba wingi, ikaupata: viti 28 kati ya 48. Rolston akashindwa. Mkoa ulikuwa umeigeukia Social Credit, na Point Grey ikamwangusha waziri wa Social Credit na kumchukua Arthur Laing, kiongozi wa Liberal. Unaona? Miaka 60 kabla ya Clark, jimbo lilishafanya mazoezi.

Tabia hiyo iliendelea kwa muda mrefu. Chuo Kikuu cha British Columbia kipo ncha ya rasi ile, na wakazi wa pembezoni mwake walikuwa maprofesa, madaktari, mawakili, watu wenye fedha kiasi na maoni mengi. Pat McGeer, mtafiti wa ubongo chuoni hapo, aliingia bungeni mwaka 1962 kama Liberal. Garde Gardom, wakili, akamfuata 1966. Mwaka 1972, NDP ilipoushika mkoa kwa mara ya kwanza, Point Grey iliwarudisha Waliberali wake wawili kana kwamba hakuna kilichotokea nje ya mipaka yake. Miaka michache baadaye wote wawili walihamia Social Credit iliyokuwa inajipanga kurudi madarakani (huku kwetu wangesema wamekwenda kuunga mkono juhudi), na mwaka 1975 jimbo likawachagua tena. Watu wale wale, viti vile vile, kofia mpya.

Mwaka 1986 ndio naupenda kuliko yote. Viti viwili, na kila mpiga kura ana kura mbili. Zilipohesabiwa, kiti kimoja kilikwenda kwa Kim Campbell wa Social Credit, cha pili kwa Darlene Marzari wa NDP. Wapinzani wawili wakapanda kivuko kwenda Victoria, kwenye kisiwa lilipo bunge, wakiwakilisha mitaa ile ile. Campbell hakukaa sana. Mwaka 1988 alihamia siasa za kitaifa, na 1993 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Kanada, kwa miezi minne na ushei. Katika uchaguzi wa Oktoba mwaka huo chama chake kikabaki na viti viwili nchi nzima, na yeye mwenyewe akapoteza jimbo alilogombea, Vancouver Centre. Kiti alichokiacha Point Grey kiligombewa katika uchaguzi mdogo wa 1989, akakichukua daktari wa NDP, Tom Perry. Kwa mara ya kwanza ngome hiyo ya wasomi wa kati na kulia ikawa na wabunge wawili wa kushoto.

Upepo ulikuwa umebadilika, na wenye kalamu ya mipaka wakaongeza chao. Mwaka 1991 majimbo ya wabunge wengi yalifutwa. Mitaa ya Kerrisdale, yenye nyumba kubwa na bustani zilizokatwa vizuri, ikaangukia jimbo jipya la Vancouver-Quilchena, ambalo tangu siku hiyo halijawahi kuichagua NDP hata mara moja. Point Grey ikabaki na chuo, na kipande cha Kitsilano cha wapangaji na vijana, na majumba ya thamani yanayotazama bahari. Chukua barabara moja tu inayotoka ufukweni kupanda mlima: chini utakuta nyumba ambayo mfanyakazi wa kawaida hawezi kuinunua kwa mshahara wa maisha yake yote, juu kidogo chumba cha chini ya nyumba wanamobanana wanafunzi watatu. Wote kituo kimoja cha kura. Jimbo la namna hiyo halina mwenyewe.

Ila linavutia wakubwa. Gordon Campbell (hana undugu na Kim, jina tu), aliyekuwa meya wa Vancouver kisha kiongozi wa BC Liberal, alilichukua mwaka 1996. Chama chake kilipata kura nyingi kuliko NDP mwaka huo, karibu asilimia 42 kwa 39, lakini NDP ikapata viti 39 kati ya 75 na kuendelea kutawala. Mwaka 2001 akalipiza kwa viti 77 kati ya 79. Aliyemwapisha kuwa waziri kiongozi alikuwa mwakilishi wa Malkia katika mkoa, na mwakilishi huyo ni nani kama si Garde Gardom, yule wakili aliyeiwakilisha Point Grey miaka 20. Mbunge wa zamani akimwapisha mbunge wa sasa.

Gordon Campbell aling'olewa na kodi. Serikali yake ilitangaza kodi mpya ya mauzo mwaka 2009, muda mfupi baada ya uchaguzi ambao haikuitaja, watu wakachachamaa, na mwaka 2010 akatangaza kuondoka. Clark, aliyekuwa amestaafu siasa na kufanya kipindi cha redio, akashinda uongozi wa chama mwaka 2011. Alikuwa waziri kiongozi asiye mbunge, na kiti kilichokuwa wazi ni cha mtangulizi wake. Akagombea. Mpinzani wake alikuwa mgeni wa siasa aliyejulikana kwa kuwatetea masikini wa mitaa ya Downtown Eastside na kuongoza shirika la kutetea haki za raia. Clark alishinda kwa kura 564. Mpinzani huyo ndiye David Eby.

Nadhani hapo ndipo kosa lilipofanyika, ingawa lilivaa nguo ya ushindi. Kura 564 kwa waziri kiongozi mpya, katika uchaguzi mdogo ambao macho yote yalikuwa kwake, zilikuwa onyo. Angeweza kutafuta jimbo salama kwa ajili ya 2013. Alibaki. Kiongozi wa chama wakati wa kampeni huzunguka mkoa wenye ukubwa unaokaribiana na wa Tanzania nzima. Leo yuko kaskazini kwenye viwanda vya mbao, kesho bondeni kwenye mashamba ya matunda. Eby hakuwa na mkoa wa kuzunguka. Alikuwa na milango ya kubisha. Na ahadi ya Clark iliyowateka wapiga kura wa bara, utajiri wa gesi asilia itakayosafirishwa nje, haikuwa na mvuto mkubwa kwa mtu wa Kitsilano anayewaza mazingira na kodi ya chumba.

Je, aliachia ngazi? Hapana. Hakuna sheria inayosema waziri kiongozi lazima awe mbunge. Ni desturi tu, kwamba asiye na kiti akitafute haraka. Bila kiti unaongoza serikali lakini ukumbini huna pa kukaa wala kura ya kupiga. Desturi hiyo ina mlango wake wa nyuma: mbunge mtiifu anajiuzulu, uchaguzi mdogo unaitishwa kwenye jimbo salama, bosi anaingia. Gordon Campbell aliwahi kuachiwa Quilchena hivyo hivyo mwaka 1994. John Oliver, waziri kiongozi wa mkoa huo huo, alishindwa mjini Victoria mwaka 1924 akaenda kuokolewa na watu wa Nelson. Robert Bourassa wa Quebec yalimkuta 1985, Don Getty wa Alberta 1989. Hata Mackenzie King, Waziri Mkuu wa Kanada, alipoteza kiti chake mara mbili, 1925 na 1945, akarudi kila mara kupitia jimbo la kuazima.

Aliyemwachia Clark kiti alikuwa Ben Stewart, mbunge wa Westside-Kelowna, bonde la mizabibu lililo mbali kabisa na bahari ya Point Grey. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 10 Julai 2013 na Clark akapita kwa raha. Stewart akapewa kazi ya kuuwakilisha mkoa kibiashara barani Asia, jambo ambalo wapinzani hawakulinyamazia.

Mwaka 2017 mambo yakamgeukia Clark kwa namna nyingine. Safari hii alishinda jimboni kwake, akapungukiwa mkoani: viti 43 vyake, 41 vya NDP, vitatu vya Greens, chama cha wanamazingira. NDP na Greens wakashikana mikono, na serikali yake ikaangushwa bungeni kwa kura 44 kwa 42. Eby, mbunge wa Point Grey, akawa Mwanasheria Mkuu wa serikali mpya, na tarehe 18 Novemba 2022 akaapishwa kuwa waziri kiongozi. Akawa mbunge wa tatu mfululizo wa jimbo lile kushika pia uongozi wa mkoa. Mwaka 2024 NDP yake ilipona kwa viti 47 kati ya 93, na yeye Point Grey ikamrudisha.

Na Clark? Alijiuzulu ubunge majira ya kiangazi ya 2017, baada ya serikali yake kuanguka. Kiti chake cha Kelowna, kilichokuwa kimebadilishwa jina kuwa Kelowna West, kikaitishiwa uchaguzi mdogo Februari 2018. Aliyegombea na kushinda ni Ben Stewart.